Jubilei Imekwisha: Je, Mmeachiliana Madeni?



Tarehe 6 Januari 2026, siku ya Epifania, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alifunga Mlango Mtakatifu wa Basilika ya Mtakatifu Petro kule Roma. Siku chache kabla ya hapo, Jumapili tarehe 28 Desemba 2025, Jubilei ilikuwa imefungwa katika makanisa makuu ya majimbo. Basi Mwaka Mtakatifu wa 2025 umepita. Mabango yameondolewa ukutani, na fulana za hija tulizonunua sasa zinavaliwa shambani.

Huu ni wakati mzuri wa kufanya hesabu. Hatusemi hesabu ya waliohiji wala ya sadaka iliyopatikana. Tunasema hesabu ya nyumbani. Katika somo hili tunawauliza swali moja tu: katika mwaka ule wa kuachilia madeni, wewe na mwenzi wako mliachiliana deni gani?

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tutumie mfano. Tuseme kuna mume na mke waliofunga ndoa kanisani miaka kumi na minne iliyopita. Tutawaita Baba Wanjiru na Mama Wanjiru. Usianze kutafuta ni akina nani. Watu kama hawa wako katika kila parokia.

Mwaka wa Jubilei walienda kuhiji Subukia pamoja na jumuiya yao. Basi liliondoka saa kumi za usiku. Mama Wanjiru aliketi mbele na akina mama wenzake, wakiimba na kusali Rozari. Baba Wanjiru aliketi nyuma na wanaume. Walipofika walipanda kilima, wakaungama, wakahudhuria Misa, wakapokea Komunyo Takatifu, kisha wakachota maji ya chemchemi, kila mmoja na chupa yake.

Walirudi nyumbani saa tatu za usiku wakiwa wamechoka. Wanjiru alikuwa amesinzia kitini na maharagwe yalikuwa yameungua. Baba Wanjiru akasema, "Hii nyumba siku hizi haina mwenyewe."

Mama Wanjiru akajibu bila kugeuka, "Mwenyewe alikuwa akimzika mamake peke yake."

"Na deni la chama lililipwa na nani?"

Hapo mazungumzo yakakatika. Kwa siku kumi na moja watu hawa wawili waliongea kupitia mtoto. "Wanjiru, mwambie baba yako chai iko tayari." "Wanjiru, mwambie mama yako nitachelewa." Na chupa mbili za maji ya hija zilikuwa pale pale juu ya kabati.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Miaka minne kabla ya hija, mama yake Mama Wanjiru alifariki. Baba Wanjiru hakuonekana katika maandalizi ya mazishi. Alifika siku ya kuzika, tena saa sita mchana, akaondoka kabla ya wageni kula. Mkewe alibaki akijibu maswali ya ndugu zake na aibu ikamla. Mwaka uliofuata, Mama Wanjiru alikopa pesa za chama ili alipie karo ya mdogo wake. Hakumwambia mumewe. Aliposhindwa kulipa, wanachama walikuja mchana kweupe wakachukua cherehani, majirani wakitazama. Baba Wanjiru alilipa deni hilo kwa pesa alizokuwa ameweka za kununua mabati.

Tangu hapo, kila ugomvi wao una njia moja. Ukianza na maharagwe, utafika kwenye mazishi. Ukianza na viatu vya mtoto, utafika kwenye cherehani.

Sasa tujiulize. Watu hawa waliungama kule Subukia. Padre aliwaondolea dhambi, na ziliondolewa kweli. Sakramenti haikupungukiwa na nguvu. Ni kitu gani basi kilichobaki?

Kanisa lina jibu, nalo liko ndani ya mafundisho ya rehema ambayo tuliyasikia mara nyingi mwaka huo. Kanisa hufundisha kwamba dhambi ikishasamehewa huacha alama zake, kama vile jeraha lililopona linavyoacha kovu, na kwamba alama hizo zahitaji kutibiwa kwa toba, sala na matendo ya upendo. Ndiyo maana anayetaka kupata rehema kamili hatakiwi kuungama tu. Apokee Komunyo, asali kwa nia za Baba Mtakatifu, atimize tendo lililoagizwa, na moyo wake uachane na dhambi yoyote, hata ndogo. Mume na mke wa mfano wetu walisamehewa na Mungu, lakini alama za makosa yao zilikuwa bado zimelala kitandani katikati yao. Hakuna aliyezigusa.

JUBILEI ILITOKA WAPI?

Ili tujue la kufanya, turudi kwenye chanzo cha Jubilei. Fungueni Kitabu cha Walawi, sura ya 25, mwisome pamoja jioni moja.

Waisraeli waliagizwa kuhesabu miaka saba mara saba, yaani miaka 49. Mwaka wa 50 ulikuwa mtakatifu. Mwaka huo tarumbeta ilipigwa nchini kote Siku ya Upatanisho. Shamba lilipumzika. Mwisraeli aliyekuwa amejiuza kwa sababu ya umaskini alipata uhuru wake. Ardhi iliyouzwa kwa shida ilirudi kwa wenyewe. Na kila mtu alirudi kwa jamaa yake. Neno jubilei lenyewe latokana na neno la Kiebrania yobel, yaani pembe ya kondoo dume iliyopigwa kama tarumbeta.

Bwana wetu Yesu Kristo, aliposimama kusoma katika sinagogi la Nazareti, alisoma maneno ya nabii Isaya juu ya wafungwa kufunguliwa na mwaka wa neema, akasema kwamba yametimia siku ile. Tunayasoma katika Injili ya Luka, sura ya 4.

Katika Kanisa, Mwaka Mtakatifu wa kwanza ulitangazwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Mwaka 1470 Papa Paulo wa Pili aliagiza kwamba uwe ukiadhimishwa kila baada ya miaka 25, ili kila kizazi kipate nafasi. Nao wa 2025 ulifunguliwa na Papa Fransisko usiku wa tarehe 24 Desemba 2024, ukiwa na wito wa kuwa mahujaji wa matumaini.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatukulielewa vizuri. Katika Jubilei ya Huruma ya 2015 hadi 2016, kila jimbo duniani lilikuwa na Mlango Mtakatifu. Wakenya tunakumbuka, kwa sababu Papa Fransisko alitutembelea kuanzia tarehe 25 hadi 27 Novemba 2015, akaenda Uganda, kisha tarehe 29 Novemba akafungua Mlango Mtakatifu kule Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi iliyokuwa katika vita. Lakini katika Jubilei ya 2025 haikuwa hivyo. Milango Mitakatifu ilikuwa Roma tu: katika basilika nne kuu, na katika gereza la Rebibbia, ambako Papa alifungua mlango tarehe 26 Desemba 2024. Huku kwetu tulikuwa na makanisa ya hija, lakini hatukuwa na Mlango Mtakatifu.

Huenda mtu akasema tulipunjwa. La, hatukupunjwa. Angalieni siku ambazo majimbo yalipewa. Jubilei ilifunguliwa majimboni Jumapili tarehe 29 Desemba 2024, ikafungwa Jumapili tarehe 28 Desemba 2025. Siku zote mbili zilikuwa sikukuu ya Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Mwaka mzima uliwekwa katikati ya sikukuu mbili za familia. Waumini wa Nairobi waliziadhimisha katika kanisa kuu ambalo lenyewe lina jina hilo, Basilika ya Familia Takatifu. Kwa hiyo mlango uliokuwa karibu nanyi zaidi mwaka huo ni ule mnaoufunga kwa komeo kila usiku.

Na habari njema ni kwamba mlango huo haufungwi na kalenda. Kuachiliana madeni kwaweza kuanza leo. Tuchukue mambo manne ya Jubilei ya Walawi, tuyaingize nyumbani.

LA KWANZA: TARUMBETA

Jubilei haikuanza kimya kimya. Ilipigiwa tarumbeta, kila mtu akasikia kwamba yuko huru.

Katika ndoa nyingi watu husamehe kimoyomoyo. Mume aweza kuwa amemsamehe mkewe tangu mwaka juzi, lakini mke hajui, bado anatembea kwa tahadhari kama mwenye kesi. Ama mke amesahau kosa, lakini mume bado anajitetea kwa hasira kwa sababu hajaambiwa limekwisha. Mfungwa asiyeambiwa kwamba ameachiliwa atabaki kwenye chumba chake hata mlango ukiwa wazi.

Msamaha katika ndoa lazima usemwe kwa mdomo. Na kuomba msamaha pia kusemwe kwa mdomo, kwa kutaja kosa lenyewe. Kusema "kama nilikukosea, basi nisamehe" hakutoshi. Neno "kama" linamwachia mwenzako kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Sema, "Nilikopa bila kukuambia, ukaaibika mbele ya majirani. Nisamehe." Papa Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, aliwakumbusha wanandoa mara nyingi maneno matatu: naomba, asante, na samahani. Ni maneno mafupi, lakini tunajua jinsi hilo la tatu linavyokwama kooni.

Wanaume wengi husema, "Mimi si mtu wa maneno. Nikinunua nyama, ajue nimeomba msamaha." Nyama ni nzuri, baba, lakini haisemi kosa ni lipi. Na akina mama wengine huonyesha kusamehe kwa kupika vizuri huku wamenuna. Hiyo pia si tarumbeta.

LA PILI: PUMZIKO

Katika mwaka wa Jubilei shamba halikulimwa. Liliachwa lipate nguvu.

Kuna maneno katika nyumba yenu ambayo yamelimwa mpaka udongo umechoka. Jambo la mazishi. Jambo la cherehani. Jambo la dada yako aliyekaa miezi sita. Kila mkigombana mnachukua jembe na kurudi pale pale. Patanisheni jambo hilo mara moja, mpaka mwisho, kisha mkubaliane kulipumzisha. Kulipumzisha maana yake ni kwamba halitatajwa tena kama silaha, wala mbele ya watoto, wala mbele ya wakwe, wala kwa utani kanisani.

Zingatieni mpangilio huu: kwanza mpatane, halafu mpumzishe. Wengine hupumzisha kabla ya kupatana. Wanasema, "Tuachane na hayo." Huko si kupumzisha shamba. Ni kufunika mbegu, nayo itaota mvua ikinyesha.

Kanuni za rehema za Jubilei ya 2025 zilitaja pia toba ya kuacha, walau siku moja kwa juma, mambo ya kupoteza wakati, pamoja na mitandao ya kijamii. Mwaka umepita, lakini shauri hilo lafaa kubaki. Chagueni jioni moja kwa juma ambapo simu zote mbili zinawekwa kwenye droo. Wengi wenu mtashangaa jinsi mlivyokuwa mmesahau sauti za wenzi wenu.

LA TATU: KUFUNGUA WALIOFUNGWA

Mtumwa aliachiliwa aende zake. Hakuambiwa, "Nakuachilia, lakini kumbuka ulikuwa mtumwa wangu."

Nani aliyefungwa nyumbani mwenu? Mara nyingi ni yule aliyekosa zamani na ambaye sasa hana sauti. Akitaka kutoa shauri juu ya pesa, anaambiwa, "Wewe wa kuongea pesa?" Akimkemea mtoto, anaulizwa alikuwa wapi wakati ule. Mwenzi wa namna hii analala katika nyumba yake kama mpangaji aliye na malimbikizo. Na aliyemfunga naye hayuko huru, kwa sababu lazima akae mlangoni akilinda.

Hapa tukumbuke fundisho la Kanisa juu ya ndoa yenyewe. Katika Kanisa letu la Kilatini, padre si mtoa wa sakramenti ya ndoa. Yeye hupokea ridhaa yenu kwa niaba ya Kanisa na kutoa baraka. Watoa wa sakramenti ni ninyi wawili, kila mmoja kwa mwenzake. Wewe mume ulikuwa njia ya neema kwa mkeo, na wewe mke kwa mumeo, nanyi mnaendelea kuwa hivyo. Kwa hiyo kuna mlango ambao padre hawezi kuwafungulia. Ataondoa dhambi yako mbele ya Mungu, naye atakutuma nyumbani. Lakini mwenzi wako anangoja kusikia kutoka kwako, na hakuna mtu mwingine anayeweza kwenda kwa niaba yako. Bwana alisema vivyo hivyo: ukikumbuka mbele ya altare kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende ukapatane naye kwanza. Na ndugu wa karibu kuliko wote ni yule uliyekuja naye Misani, au yule uliyemwacha nyumbani amenuna.

LA NNE: KURUDISHA

Hapa ndipo wengi huishia njiani. Jubilei haikuwa ya kusamehe tu. Ardhi ilirudishwa kwa wenyewe. Bila kurudisha, maneno matamu yangebaki maneno.

Turudi kwa Baba na Mama Wanjiru. Siku ya kumi na mbili walitembelewa na wasimamizi wao wa ndoa, wazee wawili ambao walikuwa wameona mambo. Hawakuhubiri. Mzee aliuliza tu, "Baba Wanjiru, siku ile ya mazishi ulichelewa kwa nini?" Katika miaka minne hakuna aliyemuuliza hivyo kwa utulivu. Alikuwa akishtakiwa, lakini hakuwa ameulizwa.

Baba Wanjiru alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sikuwa na kitu. Kazi ya mjengo ilikuwa imesimama mwezi mzima. Ningeingia pale na mikono mitupu, na shemeji zangu wanasoma michango kwa sauti?"

Mama Wanjiru akamwangalia. "Mimi nilifikiri ulimdharau mama."

"Mamako alinipokea wakati baba yako hakunitaka. Ningemdharauje?"

Mama Wanjiru alilia. Kisha naye akaeleza kwamba hakusema juu ya mkopo kwa sababu, baada ya mazishi, aliona hawezi kumwomba mumewe chochote cha upande wa kwao. Deni la pili lilikuwa limezaliwa na la kwanza, na la kwanza lilikuwa limezaliwa na aibu ambayo haikusemwa.

Walisameheana usiku ule. Lakini wazee hawakuondoka mpaka wameuliza, "Sasa mtarudisha nini?" Baba Wanjiru alisema atakwenda kwa wakwe zake, alijengee kaburi la mama mkwe wake, na kuzungumza na shemeji zake yeye mwenyewe. Mama Wanjiru alisema ataweka shilingi mia mbili kila juma kwa ajili ya mabati, na daftari la chama litakaa mezani ambapo mumewe anaweza kulisoma. Mabati bado hayajatosha. Lakini mazishi na cherehani havijatajwa tena.

Je, wewe umechukua nini kwa mwenzi wako? Huenda ni pesa. Huenda ni heshima mbele ya ndugu zake, na heshima hurudishwa mbele ya watu wale wale walioiona ikivunjwa. Huenda ni wakati. Huenda ni uaminifu, na huo hurudi polepole, kwa siku nyingi za kuonekana pale uliposema utakuwa. Aliyesamehe asilazimishwe kuamini yote kesho yake. Kusamehe ni uamuzi. Kuaminiana tena ni safari, nayo hufupishwa na aliyekosa kwa matendo yake.

NANI AANZE?

Swali hili limevunja upatanisho mwingi. Mume asema, "Aliyekosa aanze." Mke naye asema hivyo hivyo, na wote wawili wanamaanisha mwingine.

Jubilei ya 2025 ilikuwa na jambo la pekee. Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu, lakini hakuishi kuufunga. Alifariki Jumatatu ya Pasaka. Papa Leo alichaguliwa tarehe 8 Mei 2025, akaendeleza kazi ambayo hakuianza, akaimaliza. Jambo la namna hiyo, papa mmoja kufungua na mwingine kufunga, lilikuwa halijaonekana tangu Mwaka Mtakatifu wa 1700. Hakuna aliyeuliza ni nani mwenye Jubilei. Ilikuwa ya Kanisa.

Na upatanisho wenu si wa mume wala wa mke. Ni wa ndoa yenu. Mmoja afungue, mwingine amalize. Atakayefungua si lazima awe ndiye mwenye kosa kubwa. Mara nyingi ni yule ambaye siku hiyo Mungu amempa nguvu kidogo zaidi. Kumbukeni pia Luis na Zelia Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Kanisa liliwatangaza watakatifu siku moja, tarehe 18 Oktoba 2015, na sikukuu yao wote wawili ni tarehe 12 Julai. Mume na mke wanaitwa kwenda mbinguni pamoja, wakisaidiana njiani, wala si kila mmoja na chupa yake ya maji.

TAHADHARI MUHIMU

Tusieleweke vibaya. Kuachilia deni si kuvumilia kipigo. Mwenzi anayepigwa, anayetishiwa maisha, au ambaye watoto wake wanadhuriwa, asiambiwe na mtu yeyote, hata wa jumuiya, kwamba "asamehe tu na arudi." Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 1153, yakubali kwamba mwenzi ambaye yuko katika hatari kubwa ya roho au mwili, yeye au watoto wake, ana sababu halali ya kutengana, na hatari ikiwa haingoji aweza kuondoka mara moja. Nayo nchi yetu ina Sheria ya Kujikinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Aliye katika hali hiyo atafute usalama kwanza, apige ripoti, amwone paroko. Kumsamehe mtu moyoni kwawezekana ukiwa mahali salama. Na anayepiga, kurudisha kwake kunaanza kwa kuacha kupiga na kukubali kuwajibika.

KAZI YA NYUMBANI

Chagueni jioni moja katika juma hili. Watoto wakishalala, fanyeni hivi:

1. Salini Baba Yetu polepole. Mkifika pale pa kusamehe, nyamazeni kidogo.

2. Kila mmoja ajibu: "Ni jambo gani ambalo mimi hulirudia kila tukigombana?" Taja lako, usitaje la mwenzako.

3. Yule anayesikiliza aulize swali moja la kutaka kujua, si la kushtaki: "Ilikuwaje siku ile?" Asimkatize mwenzake mpaka amalize.

4. Aliyekosa aombe msamaha akitaja kosa. Aliyekosewa akiwa tayari, aseme kwa sauti: "Nimekusamehe." Asipokuwa tayari, aseme: "Nipe muda, nami nataka kufika huko." Hilo nalo ni neno la matumaini.

5. Kila mmoja ataje kitu kimoja atakachorudisha, na siku ya kuanza.

Mkishindwa wenyewe, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa au mwone paroko wenu. Si aibu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

Je, katika jumuiya yetu kuna wanandoa wanaosali pamoja nasi lakini hawaongei nyumbani? Tunawasaidiaje bila kuwasengenya? Je, desturi yetu ya kusoma michango ya mazishi kwa sauti inawaaibisha walio na mikono mitupu? Tungewezaje kuibadilisha?

TUOMBE

Ee Mungu Baba, ulitujalia mwaka wa neema. Utusamehe kwa kuwa tulihiji mbali tukasahau kurudi nyumbani. Utufundishe kusema kosa letu bila kujitetea, kusikiliza bila kukatiza, na kurudisha tulichochukua. Familia Takatifu ya Nazareti ituombee. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.